BUNDUKI NDOGO SHAMBANI: INACHOWEZA NA ISICHOWEZA

Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani



Katibu wetu aliponiandikia aliniomba nizungumze juu ya jambo lolote linalohusu maisha ya vijijini, mradi lisiwe la kuwalaza watu baada ya chakula cha mchana. Nimechagua bunduki, na nadhani hakuna atakayesinzia. Lakini si bunduki ya vita, wala ile ya wageni wanaokuja kuwinda simba. Nataka kuzungumza juu ya bunduki ndogo ya .22, ambayo wengi hapa Puge wanaamini kwamba tukiipata itatuondolea tumbili, nyani, nguruwe na ndege mashambani.

Sababu ya kuchagua jambo hili ni kwamba nimeombwa. Mara mbili nilipokuja likizo, wazee wa kijiji waliniita wakaniambia: "Wewe ni mtu wa Serikali, umesoma hadi Mlimani, tusaidie tupate vibali vya bunduki, maana wanyama wanatumaliza." Niliwaahidi kwamba nitalitazama jambo hilo kwa makini. Leo nimeleta jibu, na nimelileta hapa shuleni kwa sababu, kama mtakavyoona, jambo lenyewe linaishia hapa hapa darasani.

Bunduki katika nchi yetu

Sisi watu wa pande hizi si wageni wa bunduki. Puge iko karibu nusu ya njia kati ya Nzega na Tabora. Hata barabara ya lami ilipojengwa ilihesabiwa kwa vipande viwili, Nzega–Puge na Puge–Tabora. Kabla ya lami walipita wapagazi. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilifika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, na hapo njia ziligawanyika: moja ikaenda Ujiji, nyingine ikaelekea kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Pembe za ndovu zilishuka pwani, na vitambaa, shanga, bunduki na baruti vilipanda bara. Kwa bunduki hizo Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, alijenga dola yake. Na baruti ndiyo aliyoiwasha Mtemi Isike wa Unyanyembe Januari 1893, Wajerumani walipoingia ngomeni mwake, kwani aliona heri kufa kuliko kukamatwa.

Kuna jambo moja la tarehe ambalo vijana mnaopenda historia mtalifurahia. Burton na Speke walifika Kazeh mwezi wa Novemba mwaka 1857. Mwaka huo huo, huko Marekani, kiwanda cha Smith & Wesson kilianza kuuza bastola ndogo iliyotumia risasi ya .22 ya aina fupi. Hiyo ndiyo babu wa risasi ninayoizungumzia leo. Risasi ndefu zaidi, ambayo ndiyo inayotumika sana duniani hadi sasa, ilitoka mwaka 1887. Kwa hiyo wapagazi wetu walipokuwa bado wanabeba magobori ya kushindiliwa baruti mdomoni, wenzao ng'ambo walikuwa tayari wanatia risasi nzima kwa nyuma na kufyatua. Halafu mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikutana Brussels, yakakubaliana kuzuia silaha za kisasa zisiingizwe ovyo Afrika. Tukabaki na gobori, na gobori lipo vijijini mpaka leo, mara nyingi bila kibali, na mara nyingine mtutu wake ni bomba la maji.

Bunduki yenyewe

Tusiogope kuijua. Namba .22 ni upana wa mtutu kwa inchi, yaani kama milimita 5.6. Risasi yenyewe ina uzito wa gramu mbili na nusu hivi. Katika risasi kubwa, fataki hukaa katikati ya kitako cha ganda, kama kitovu. Risasi hii ndogo haina kitovu. Dawa ya fataki imetiwa ndani ya ukingo mwembamba unaozunguka kitako. Pini ya bunduki ikigonga ukingo, ukingo hubonyea, fataki hulipuka, baruti huwaka, na risasi hutoka.

Kutokana na umbo hilo dogo tunapata mambo matatu. Kwanza, ili ukingo ubonyee, sharti ganda liwe jembamba. Na ganda jembamba haliwezi kustahimili nguvu kubwa. Ndiyo maana risasi hii ni dhaifu. Nguvu yake haifikii hata sehemu moja ya kumi ya ile ya bunduki ya askari. Pili, ganda likishagongwa limeharibika, halijazwi tena. Tatu, ikiwa dawa haikuenea vizuri katika ukingo wote, pini inaweza kugonga na risasi isilipuke. Hapo mtu asiye na mafunzo hufungua bunduki mara moja na kuchungulia. Aliyefunzwa huuelekeza mtutu mahali salama, husubiri nusu dakika nzima, ndipo hufungua. Kwa maana fataki inaweza kuchelewa kuwaka.

Udhaifu wake una faida pia. Haimpigi mtu begani, mlio wake ni mdogo, na risasi zake ni za bei ya chini kuliko nyingine. Kwa sababu hiyo dunia nzima huitumia kufundishia shabaha, na katika michezo ya Olimpiki mashindano ya bunduki ya mita 50 hupigwa kwa .22. Ukiiweka shabaha yake sawasawa kwa mita 50, mtu mwenye mkono mtulivu anaweza kupiga kifuniko cha chupa. Lakini kwa mita 100, risasi ile ile itakuwa imeshuka sentimita 15 hadi 20, karibu shubiri. Kwa hiyo hii ni bunduki ya karibu, ya hatua hamsini au sitini, kwa mnyama mdogo aliyetulia.

Adui ni nani?

Sasa tuwatazame adui zetu mmoja mmoja, kwani mganga hatoi dawa moja kwa magonjwa yote.

Wa kwanza ni kwelea kwelea. Huyu ni ndege wa gramu zisizofikia ishirini, na inakisiwa kwamba anakula na kuharibu nafaka kama gramu kumi kwa siku. Tufanye hesabu pamoja, vijana wa Kidato cha Pili. Kundi la ndege milioni moja, gramu kumi kila mmoja, ni tani kumi kwa siku. Yaani magunia mia moja ya kilo mia. Ukitaka kuua sehemu moja tu ya mia ya kundi hilo kwa .22, na usikose hata mara moja, unahitaji risasi elfu kumi, ambazo ni paketi mia mbili za risasi hamsini hamsini. Na bado wangebaki ndege laki tisa na tisini elfu. Kwa ndege hawa bunduki ni mchezo. Dawa yao ni taarifa ya mapema kwa afisa kilimo, ili Serikali ilete ndege ya kunyunyizia dawa mahali wanapolala. Nchi zetu za Afrika ya Mashariki zilianzisha shirika la pamoja la kupambana na nzige wa jangwani mwaka 1962, na ndege zake hunyunyizia kwelea kwelea vile vile. Nawaomba jambo moja: ndege waliokufa kwa dawa hiyo wasiokotwe kwa kitoweo. Ile ni sumu, na haichagui kati ya ndege na mtoto.

Wa pili ni panya. Panya shamba mmoja anaweza kuzaa watoto zaidi ya kumi kwa mara moja. Hapa tena bunduki haifai. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro wamewachunguza kwa miaka mingi, nao husisitiza mitego, usafi wa kingo za mashamba, na wakulima wote kuchukua hatua pamoja. Mmoja akitega na jirani asitege, ni sawa na kuteka maji kwa tenga.

Wa tatu ni tumbili. Huyu ana kilo tatu hadi nane, huja mchana, hukaa juu ya mti karibu na shamba. Kwa uwezo wa bunduki peke yake, huyu ndiye .22 inayomweza, kama mpigaji yuko karibu na anajua anachofanya.

Wa nne na wa tano ni nyani na nguruwe mwitu. Hapa ndipo hatari ilipo. Nyani dume ana kilo ishirini na zaidi, na meno yake mnayajua. Nguruwe mwitu hufika kilo sitini au zaidi, tena huja usiku. Ukimpiga mnyama wa namna hii kwa .22, mara nyingi hafi. Anakimbilia kichakani na risasi mwilini, anateseka kwa siku kadhaa, na anayekutana naye kwanza si yule mpigaji, bali ni mama anayeokota kuni. Bunduki ndogo kwa mnyama mkubwa ni ukatili kwa mnyama na hatari kwa jirani.

Risasi inakoishia

Nimesema risasi hii ni dhaifu. Neno hilo lisitudanganye. Risasi iliyokosa shabaha, ikirushwa kwa juu juu, inaweza kusafiri kilomita moja na nusu. Nchi yetu ni tambarare. Kutoka shamba la mtu hadi njia ya baiskeli, hadi kisimani, hadi kwa wachunga ng'ombe, ni mwendo mfupi kuliko huo.

Niliwahi kushuhudia, katika kijiji kimoja ambacho sitakitaja, mwenye shamba mmoja akimfyatulia tumbili aliyekuwa ukingoni mwa mtama. Tumbili aliruka akaenda zake. Upande wa pili wa mtama, ambako mpigaji hakuweza kuona, maksai wa jirani aliyekuwa amefungwa akaanguka. Wazee walikaa siku mbili, na maksai akalipwa kwa maksai. Watu walicheka baadaye. Mimi sikucheka, kwa sababu kamba ya maksai yule ilikuwa mkononi mwa mtoto wa miaka tisa.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kutazama nyuma ya shabaha kabla ya kutazama shabaha. Tena risasi hii ya risasi laini inapokwenda polepole huruka ikigonga kitu kigumu: jiwe, maji, hata udongo wa mbuga uliokauka na kupasuka. Wazee wetu waliojenga dungu hawakujua habari za bunduki, lakini dungu lina faida: aliye juu hupiga kuelekea chini, na risasi ikikosa huingia ardhini. Lakini hiyo ni wakati ardhi ina unyevu, mwezi wa Machi au Aprili. Mwezi wa Julai ardhi ile ile ni kama saruji. Kanuni nyingine ni tatu tu, nazo ni rahisi kuzikariri: kila bunduki ihesabiwe kuwa ina risasi, mtutu usielekezwe kwa usichotaka kukiua, na kidole kisiguse kifyatulio mpaka umekwisha lenga.

Sheria inasemaje

Wazee waliniomba vibali, basi niseme juu ya vibali. Viko viwili, na watu wengi huvichanganya. Kibali cha kumiliki bunduki hutolewa kwa sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Lakini kuwa na bunduki halali hakukupi ruhusa ya kuua mnyama. Wanyamapori wanalindwa na sheria nyingine, Sheria Namba 5 ya mwaka 2009, iliyochukua nafasi ya ile ya 1974. Sheria hiyo inatambua haki ya mtu kujilinda yeye na mali yake, ila tukio sharti litolewe taarifa, na mnyama aliyeuawa ni mali ya Serikali, si kitoweo cha mwenye shamba. Anayepika nyama kwanza na kutoa taarifa baadaye hujikuta katika kesi ya nyara za Serikali.

Wapo wanaouliza: kwa nini mnyama mharibifu alindwe? Swali ni zuri, na historia inalijibu. Wakati wa ukoloni mbwa mwitu waliitwa wanyama waharibifu, wakapigwa risasi mpaka na wale waliopewa kazi ya kulinda wanyama. Leo mbwa mwitu wako katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka duniani, na watu hulipa fedha nyingi kuja kuwaona. Mwishoni mwa miaka ya 1940 huko Shinyanga wanyama waliuawa kwa maelfu katika majaribio ya kuwafukuza mbung'o kwa kuwanyima damu. Kazi hiyo ilichukua miaka, ilihitaji wawindaji wa kulipwa, na baadaye njia hiyo iliachwa. Na ng'ambo nako: mwaka 1859 mtu mmoja aitwaye Thomas Austin alifungulia sungura wachache kule Victoria, Australia, awe anawawinda. Wakazaana hata wakala nchi. Watu waliwapiga risasi, wakajenga nyua ndefu, lakini sungura hawakupungua kwa kweli mpaka ulipoletwa ugonjwa wa kuwaua mwaka 1950. Bunduki humwondoa mnyama mmoja. Haiondoi sababu iliyomleta.

Jambo hili na darasa

Ndugu zangu, sasa nafika nilikokuwa naelekea. Kwa nini wazee wanataka bunduki? Si kwa sababu wanapenda mlio wake. Ni kwa sababu kulinda shamba kunakula watu. Mtama na mpunga vikianza kukomaa, sharti mtu awepo shambani tangu alfajiri mpaka jua kuzama, na watu wazima wana kazi nyingine. Basi hutumwa mtoto. Sisi wote tuliokulia hapa tumekaa juu ya dungu na kombeo mkononi, tukipiga madebe na kuita mpaka sauti ikakauka. Tulijifunza kulenga. Lakini siku tulizokuwa tukilenga tumbili, mwalimu alikuwa akifundisha wengine.

Hali hiyo haijakwisha. Mwalimu mmoja aliniambia kwamba anaweza kujua mtama umefikia wapi kwa kuhesabu viti vitupu, bila kutoka darasani. Mtihani wa Taifa hauna swali kuhusu kombeo. Kwa hiyo mzee anapoomba bunduki, anachokiomba hasa ni mtu wa kushika nafasi ya mtoto. Na bunduki haiwezi kuishika. Bunduki haikai dunguni peke yake. Sharti mtu awe nayo, tena mtu mzima, mwenye kibali, asiyelewa, anayeilaza bunduki kabatini chini ya kufuli na risasi zake mahali pengine. Tukigawa bunduki nyumba kwa nyumba, siku moja atakayeachiwa dunguni pamoja nayo ni yule yule mtoto.

Nikiulizwa tufanye nini, napendekeza haya.

Kwanza, wenye mashamba yanayopakana wapande kwa wakati mmoja na waamie kwa zamu. Anayepanda peke yake mapema au kuchelewa peke yake ndiye huwakaribisha ndege wa tarafa nzima. Pande zetu tunajua kujipanga. Sungusungu walipoanza huku mwanzoni mwa miaka ya 1980, nguvu yao ilikuwa yowe na watu kuitikia, pamoja na upinde na mishale.

Pili, vichaka vinavyogusa mashamba vifyekwe hatua kadhaa, maana tumbili hapendi kuvuka mahali peupe. Mbwa mzuri na uwanja mweupe hufanya kazi ambayo .22 haifanyi.

Tatu, bunduki isikataliwe kabisa, bali iwe mahali pake. Mtu mmoja au wawili katika kata, wenye vibali na mafunzo, wakiitwa na ofisi ya kijiji na kufanya kazi pamoja na afisa wanyamapori wa wilaya: bunduki ndogo kwa tumbili wa karibu, na kubwa ya afisa mwenyewe kwa nyani na nguruwe. Barua ya maombi ya namna hiyo niko tayari kuwasaidia wazee kuiandika. Barua ya kuomba bunduki ishirini sitaiandika.

Nne, na hili ni letu sisi wanafunzi wa zamani. Wako wanafunzi wa shule hii wanaolelewa na bibi zao, na shamba la bibi halina mtu mwingine wa kuliamia. Kwao zamu haitoshi, kwa sababu hawana mtu mzima wa kuitoa. Napendekeza Chama kianzishe mfuko mdogo wa kuwalipa waamiaji watu wazima kwa majuma manane ya kukomaa kwa nafaka, na Mkuu wa Shule pamoja na ofisi ya kata ndio watuletee majina. Hautakuwa mfuko mkubwa. Malipo ya mwamiaji mmoja kwa majuma manane ni machache kuliko tunayotumia wengi wetu kwa harusi moja mjini. Mimi natoa shilingi laki mbili leo, na Mweka Hazina yuko pale mbele na daftari lake.

Ninyi vijana msidhani nawadharau walioko dunguni. Kazi ile ni ya heshima, na chakula mlichokula mchana huu kimelindwa na mtu. Ninachosema ni kwamba ilindwe na mtu mzima, na kwa zamu, ili mwakani mwalimu akihesabu viti asiweze kujua kama mtama umekomaa.

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza. Wenye maswali kuhusu bunduki nitawajibu nje, chini ya mwembe. Wenye michango waanzie kwa Mweka Hazina.